Baba ataka kanzu, mume ataka tai: tutakulaje melini?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni Mzanzibari, naishi Southampton na mume wangu, mtu wa Moshi. Julai hii wazazi wangu wanakuja kututembelea, na kwa kuwa kaka yangu yuko New Jersey na wazee hawajamtia machoni kwa miaka, tuliona safari ya kwenda kwake iwe ndiyo zawadi yao. Tunapanda Queen Mary 2 hapahapa Southampton hadi New York, usiku saba baharini. Viza zimetoka, nauli imelipwa. Mama alipoambiwa ni meli akasema meli anayoijua yeye ni ya Unguja kwenda Pemba, na huko kazi yake ni kutapika tu.

Taabu ilianza zilipokuja karatasi za safari. Kumbe ndani ya wiki hiyo kuna jioni mbili za Gala, moja wanaiita ya Nyeusi na Nyeupe, nyingine ya vinyago vya usoni, na watu huvaa kama wanaoitwa ikulu. Mume wangu kafurahi mno. Kanunua suti nyeusi na tai ya kipepeo, na sasa ananidai vipimo vya baba ili amkodishie na yeye. Baba nilipompigia akanijibu, "Mwanangu, shingo yangu haijafungwa kamba tangu nistaafu, na sitakwenda kuifungia baharini." Anakuja na kanzu zake, kofia zake na lile joho alilovaa kwenye harusi yangu. Juzi kaniuliza kama jambia la marehemu babu linaruhusiwa.

Mume wangu anasema kwa kanzu tutarudishwa mlangoni mbele za watu, na picha zote zitaharibika.

Mama kwa upande wake hana shida na nguo. Yeye anaogopa meza. Nilimweleza kwamba tunaweza kupangwa meza ya watu wanane na wageni tusiowajua, visu na uma vimejipanga kushoto na kulia, mvinyo unapita. Kasema yeye atakula chumbani, au kwenye bufe, siku zote saba. Tena nyama yenyewe, anauliza, kaichinja nani?

Mume wangu kaleta suluhisho: mimi na yeye tule mgahawani, wazee waende bufe, tukutane baadaye kwenye chai. Moyo wangu haukubali lakini hoja ya kumjibu sina. Rafiki yangu mmoja anasema tulikosea kampuni, zipo meli za kifahari ambazo hakuna mtu anayeulizwa tai. Na kuna fomu inatusubiri tuchague kula saa kumi na mbili jioni au saa mbili u nusu usiku, hata hiyo sijui nijaze nini. Tena mama anataka kuja na chetezo chake na udi, kwa sababu nguo isiyofukizwa kwake si nguo ya kutokea.

Nisaidie, Shangazi.

Njiapanda, Southampton

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuwakumbuka wazee.

Nianze na mumeo, maana ndiye mwenye haraka. Mwambie avisome tena vile vipeperushi vyake, safari hii hadi mwisho. Kampuni ya Cunard, wenye meli hiyo, kwa jioni za Gala wanataka wanaume wavae suti ya jioni au suti nyeusi yenye tai. Hapo ndipo mumeo alipoishia kusoma. Lakini wanasema pia kwamba vazi rasmi la taifa la mtu linakubalika, na sare za kijeshi vilevile. Ndiyo maana Mskochi huingia pale na sketi yake ya mikunjo, magoti nje, na hakuna anayemgusa. Sasa kama magoti ya Mskochi yanapita, kanzu ya baba yako inayofika kifundo cha mguu itazuiwa na nani?

Neno la kuliangalia ni hilo "rasmi". Kanzu ya kwendea sokoni na kanzu ya Idd si moja, na baba yako anajua hilo kuliko mimi na wewe. Avae kanzu nyeupe iliyonyooka, kofia ya kiua iliyoshonwa kwa mkono, viatu vya kufunika au makubadhi mazuri ya ngozi, na juu yake joho au koti jeusi. Mimi ningemshauri koti kwa jioni ile ya Nyeusi na Nyeupe. Kanzu na koti ndivyo wazee wetu walivyokwenda ofisini na harusini, na Waganda mpaka leo hawaendi kutoa posa bila ya kanzu na koti juu yake. Tena tazama bahati: kanzu nyeupe, koti jeusi, rangi za usiku huo zimetimia bila ya kukodi hata kifungo. Joho aliweke kwa usiku wa pili. Vinyago asihangaike navyo, kwani rangi na vinyago ni mapambo ya shughuli tu, anayetaka anafuata, asiyetaka anavaa nguo yake rasmi na kupita.

Jambia libaki Unguja. Hilo halina mjadala, ni kisu, na mizigo hupitishwa kwenye mashine bandarini kama uwanja wa ndege. Mzee asije akaingia Marekani kwa maelezo.

Mama yako ndiye kanichekesha, kwa sababu katika nyinyi wanne ndiye asiye na kazi ya kufanya. Abaya nyeusi yenye nakshi na mtandio mzuri inampeleka popote melini, usiku wowote. Mwenye hatari ya kurudishwa ni mumeo na jinzi zake zilizochanika, kama anazo. Usiku usio wa Gala mwanamume anatakiwa awe nadhifu, shati na suruali ya maana, koti akipenda, tai si lazima. Kaptura na fulana za mikono wazi baada ya saa kumi na mbili jioni hazitakiwi sehemu nyingi. Mchana kila mtu na nguo yake, hapo madera ya mama yaje mengi, na kanga za kujifunika kwenye upepo wa sitahani.

Jambo ambalo wengi hawalielewi mpaka wafike ni kwamba kanuni hii ya mavazi haiishii kwenye meza ya chakula. Inatawala jioni nzima na karibu meli nzima: ukumbi wa maonyesho, ukumbi wa dansi, baa nyingi. Asiyetaka kuvaa anabakiwa na sehemu chache, kama bufe ya Kings Court, baa ya Golden Lion, kasino na disko. Soma tena orodha hiyo uone kilichobaki kwa wazee wako. Baa, kamari na disko hawaendi. Kwa hiyo mumeo anaposema wazee waende bufe, maana yake ni kwamba usiku wa Gala baba na mama watakula Kings Court kisha warudi chumbani kutazama ukuta, wakati nyinyi mko juu mnapigwa picha. Hiyo ndiyo hoja uliyokuwa ukiitafuta. Mpe.

Nami nitaongeza yangu, aniwie radhi. Mkwe kumpima mkwewe kiuno kwa ajili ya suti ya kukodi ni jambo la ajabu. Naona kijana ana nia njema, anaogopa wazee wasije wakaaibishwa ugenini. Lakini picha anayoitaka itapendeza zaidi yeye akiwa na tai yake ya kipepeo, na baba mkwe pembeni na joho. Wageni watamwomba mzee wapige naye.

Sasa meza. Kwenye meli hiyo chumba ulicholipia ndicho kinachoamua unakula wapi. Wenye vyumba vya bei ya juu wana migahawa yao miwili, Princess Grill na Queens Grill, wengine hawaingii humo. Ni mabaki ya zama za madaraja, abiria walipokuwa wakitenganishwa kwa mlango na ngazi. Abiria wengi, na nyinyi nadhani mmo, wanakula Britannia, ukumbi mkubwa wa ghorofa zaidi ya moja, wenye zamu mbili ulizozitaja.

Jaza saa kumi na mbili jioni. Nakwambia kwa sababu ya Julai. Kiangazi hicho jua la Southampton linazama kwenye saa tatu usiku, na la New York kwenye saa mbili u nusu. Zamu ya pili itaangukia palepale penye sala ya Magharibi, mara baba anainuka kabla ya kitoweo, mara mama hatulii. Zamu ya kwanza mnakula, mnamaliza, mnatembea sitahani, na Magharibi inawakuta chumbani. Mkumbuke kwamba mkienda magharibi saa za meli hurudishwa nyuma kwa muda wa saa moja, mara tano ndani ya safari, kwa hiyo baba asiitegemee saa yake ya mkononi. Na kibla nacho kinahama: Southampton mnaelekea mashariki na kusini kidogo, mkikaribia New York ni kaskazini-mashariki. Mzee apewe dira, atapata kazi ya kufurahia wiki nzima.

Meza ya watu wanane si amri. Zipo za wawili, za wanne, za sita. Nyinyi ni wanne, ombeni meza ya wanne tangu sasa, na mkifika mkakuta mmepangwa vingine, siku ileile ya kwanza mchana mwendeeni mkuu wa mgahawa kwa upole. Msingoje usiku wa tatu, wakati huo kila mtu ameshazoea kiti chake. Faida ya meza ya kudumu ni kwamba wahudumu ni walewale kila jioni. Ikifika siku ya tatu mama hatajwi tena kwa namba ya chumba, na yule kijana atakuwa ameshajua kwamba bibi huyu mvinyo hapana, maji ya moto yenye limau ndiyo. Anapokaa tu glasi za mvinyo huondolewa mbele yake. Hakuna anayeuliza kwa nini. Kwenye meli hizo watu wengi wana masharti ya chakula, huyu karanga, yule ngano, yule chumvi.

Uma na visu mwambie hivi: aanze na vilivyo mbali na sahani, kila chakula kikija achukue vya nje, vinavyofuata viko karibu zaidi. Mkate wake ni ule wa kushoto. Akikosea, mhudumu anambadilishia kimya kimya kabla chakula kingine hakijaletwa. Kama bado moyo unamdunda, wiki moja kabla ya safari mtandikie meza pale kwako, umpikie samaki wa kupaka, ale kwa kisu na uma huku mnacheka. Samaki wa kupaka kwa kisu ni mtihani kuliko chochote atakachokutana nacho Britannia.

Na sisemi bufe ni mbaya. Kifungua kinywa mle hukohuko, kila mtu na saa yake. Jioni moja ya kawaida, mama akichoka na kukaa wima, nendeni Kings Court wote wanne, pamoja na mumeo. Jioni nyingine agizeni chumbani, huduma hiyo ipo. Ninachokataa ni bufe ya woga, siku saba mfululizo, kwa mtu aliyelipiwa mgahawa. Kuna na mgahawa wa nyama choma za Kizungu, Verandah, huo unalipiwa mbali. Msiumizane nao, kwa suala la nyama ambalo nalijia sasa.

Kaichinja nani? Mama kauliza swali la msingi kuliko maswali yako yote. Usilingoje melini. Leo hii andika kwa wakala wako au kwa kampuni yenyewe, ueleze kwamba abiria wawili, au wanne, wanakula halali, na uulize kwa maneno yasiyo na kona: nyama yenyewe imechinjwa kihalali na mnayo cheti, au mnamaanisha tu kwamba si nguruwe? Majibu hayo mawili yako mbali. Jiko la peke yake la halali usilitarajie. Wakisema nyama ya halali haipo au hawana hakika, basi samaki, mayai, mboga na dengu, na meli za Waingereza hazikosi mchuzi wa Kihindi. Mtego uko kwenye vitu vidogo: rojo iliyopikwa kwa mvinyo, supu ya samaki iliyotiwa brandi, kitindamlo cha jelatini au keki iliyonyweshewa pombe. Mueleze mhudumu siku ya kwanza. Kwa wenye masharti, desturi ya meli nyingi ni kuonyeshwa menyu ya kesho usiku wa leo, unachagua, jikoni wanakutengenezea bila vile usivyotaka. Nendeni na utaratibu huo, mama aone kwa macho yake.

Halafu kuna chai ya alasiri, ambayo mumeo kaitaja kama mahali pa kukutana na wazee waliotengwa. Itakuwa ndiyo saa ya mama. Inaandaliwa Queens Room, ukumbi uleule wa dansi, wahudumu na glavu nyeupe wakipita na buli, sandwichi ndogondogo zilizokatwa pembe za mkate, na skonzi za moto wanazopaka jamu na krimu nzito. Muziki wa taratibu, meza ndogo, mazungumzo ya chini kwa chini. Mtu aliyelelewa Unguja na chai ya jioni na vitafunio hapo hafundishwi kitu, isipokuwa atailalamikia haina iliki. Aweke iliki kwenye mkoba.

Chetezo hapana. Moto wa aina yoyote chumbani umekatazwa, udi, ubani, mishumaa, na pasi ya kuja nayo pia itachukuliwa. Moto melini ni jambo wanaloliogopa kuliko mawimbi. Kwa hiyo nguo zifukizwe kwako Southampton usiku wa kuamkia safari, zikunjwe moto moto ndani ya sanduku, harufu itakaa mpaka New York. Kwa kunyoosha kanzu msiwe na wasiwasi: viko vyumba vya kufulia vya abiria, mashine na pasi bure. Mpeleke baba mapema siku ya Gala, kwani ikifika saa kumi jioni huko kuna foleni ya watu na mashati yao. Mtoto wa kike jiandae kupokea maelekezo ya jinsi kola ya kanzu inavyopigwa pasi mbele ya Waingereza wenye vikaptura.

Kuhusu kutapika: hii si boti ya Pemba. Imejengwa mahususi kwa Atlantiki, ni nzito na ndefu, Julai bahari huwa na huruma zaidi kuliko majira ya baridi. Hata hivyo itayumba siku moja au mbili. Tangawizi, na dawa ya daktari wake kama anatumia dawa nyingine.

Rafiki yako kasema kweli kuhusu kampuni nyingine. Viking na Oceania hawana jioni za lazima za suti, na kwingineko siku hizi Gala ni ya hiari. Kama baba yako angekuwa mtu wa kukataa kila kitu, ningekwambia uliza kama nauli inarudishwa. Lakini mtu anayesafiri na joho hakatai kuvaa. Anakataa kuvaa cha mwenzake. Meli zisizo na mavazi rasmi joho lake lingekaa sandukuni wiki nzima, naye angerudi nyumbani akilalamika kwamba watu wa meli ya kifahari wanavaa kama wanakwenda kuvua.

Kwa bili: chakula cha Britannia, bufe, chai, vyote viko ndani ya nauli. Vinywaji vya baa na soda vinaandikwa kwenye akaunti ya chumba, na kila siku kila mtu hukatwa ada ya huduma kwa dola. Waeleze wazee mapema, la sivyo baba atakuwa anagawa bahashishi kila mlo kwa mkono wake na mwisho wa safari aione tena kwenye karatasi.

Na usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango yachukuliwe, muyakute bandarini asubuhi. Kila mtu abakize nguo ya kesho na viatu vyake mkononi. Asiyebakiza hushuka New York na msuli wa kulalia, na kaka yako atakuwa bandarini na kamera.

Shangazi